Anakumbuka taa za wavuvi, hakumbuki tarehe aliyokamatwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Sisi ni watu wa Rumonge, Burundi, ila mimi naishi Kigoma tangu 2015. Mdogo wangu wa kiume yuko Uingereza, amezuiliwa kwenye kituo cha wahamiaji, huu ni mwezi wa tatu. Kwetu alikamatwa kwa ajili ya siasa: mara mbili mwaka 2015, akakimbilia kwangu, kisha aliporudi nyumbani akakamatwa tena 2021. Ombi lake la hifadhi limekataliwa na mwanasheria wake amekata rufaa. Nimesomewa barua ya kukataliwa. Wanasema mahojiano ya kwanza alitaja Mei 2015, ya pili akataja Julai. Mara alifungwa mara mbili, mara tatu. Mara walimjia saa mbili usiku, mara saa nane. Mara ana ndugu wanne, mara saba. Mara mkoa wake ni Bururi, mara Rumonge. Halafu wameandika kwamba anaweza kueleza soko la mji wake kibanda kwa kibanda lakini hawezi kusema alikaa mahabusu siku ngapi, kwa hiyo hawamwamini. Na ni kweli, daktari. Nikimpigia ananisimulia Rumonge hadi nalia. Usiku ule wa kukamatwa 2015 ametoka tarawehe, taa za wavuvi hazipo ziwani kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa, jirani anamenya vitunguu vya daku, harufu ya mawese imejaa uani. Nikimwuliza tarehe, ananyamaza. Siku hizi anasahau hata kwamba nilimpigia jana. Nimenunua daftari, nataka nimwandikie kila kitu kwa mpangilio, tarehe na saa, akariri kabla ya siku ya jaji. Mtu mmoja huku anasema tumwambie ajifanye amerukwa na akili, watamwachia. Na mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza: ananificha kitu?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole. Wengi huniita daktari, lakini mimi ni mwanasaikolojia; sitoi dawa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na watu kama mdogo wako na kuandika ripoti ambazo mawakili wao huzipeleka mbele ya jaji. Kwa hiyo barua kama hiyo uliyosomewa nimezisoma nyingi.

Nianze na daftari, maana hilo ndilo la haraka. Usilitume. Najua umelinunua kwa upendo, na najua kukaa Kigoma mikono mitupu wakati mwenzio yuko ndani ni adhabu tosha. Lakini ukimwandikia tarehe akakariri, mambo matatu yatatokea. Atazungumza kama mtoto anayesoma shairi shuleni, na jaji huyo ameshasikia mashairi mengi. Akiulizwa swali moja pembeni ya shairi, ataanguka. Na la tatu ndilo baya zaidi: kumbukumbu yako itaingia ndani ya yake, na baada ya wiki mbili hata yeye mwenyewe hataweza kutenganisha alichokiona na alichokisoma. Hapo hata mtaalamu mzuri hawezi kumsaidia tena. Daftari lako lina kazi nyingine, nitairudia mwishoni.

Sasa hilo swali linalokunyima usingizi, kwamba anayekumbuka vibanda vya soko anawezaje kusahau siku alizokaa kwenye kasho, yaani chumba cha mahabusu.

Watu wengi, na maofisa wa uhamiaji wakiwamo, huichukulia akili kama kinasa sauti: jambo likiwa kubwa, sauti inanaswa vizuri zaidi. Kwa hiyo wanaona ajabu mtu akumbuke kibanda cha muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na asikumbuke tarehe ya mateso. Lakini akili haifanyi kazi hivyo. Soko lile mdogo wako amelipita mara maelfu. Kila asubuhi ilichora mstari juu ya mstari uleule, mpaka picha ikawa nene, haifutiki. Tena alilipita katika umri wa utotoni na ujanani, na imeonekana kwa watu wa mataifa mbalimbali kwamba mambo ya takriban miaka 10 hadi 30 ya maisha ndiyo hubaki kwa wingi kuliko ya miaka mingine. Usiku wa kukamatwa ulitokea mara moja, gizani, moyo ukidunda kama ngoma.

Na wakati huo ubongo wake ulikuwa unafanya kazi nyingine. Kuna kisehemu kidogo ndani ya kichwa kiitwacho amigdala, ambacho ndicho kipiga king'ora cha hatari. Jirani yake kuna hipokampasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyapanga matukio: lilianza hili, likafuata lile, ilikuwa mahali fulani, siku fulani. King'ora kikilia kwa nguvu mno, homoni za hofu hukipa nguvu kile kinachoonekana, kunukia na kusikika papo hapo, huku karani yule wa kupanga akishindwa kuandika vizuri. Matokeo yake ni vipande vyenye rangi kali visivyo na muhuri wa tarehe. Macho nayo huganda kwenye kitu kimoja, mara nyingi bunduki, na vilivyo pembeni havionwi kabisa. Niliwahi kumhoji mzee mmoja aliyeweza kunichorea kifungo cha shati la askari, kilichokatika nusu, kikaning'inia kwa uzi mweusi. Nikamwuliza askari walikuwa wangapi. Akasema watatu. Baada ya dakika ishirini akasema watano. Hakudanganya hata mara moja kati ya hizo mbili. Alikuwa amekitazama kifungo.

Si wote huwa hivyo, sitaki nikupambie. Wapo waliopita kwenye hofu kubwa na wanasimulia kwa mpangilio safi. Kwa kawaida kiini cha jambo hubaki na pembeni ndiko hupukutika. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Jane Herlihy, Peter Scragg na Stuart Turner, walichapisha utafiti katika jarida la kitabibu la nchi hiyo. Waliwahoji wakimbizi 27 wa Kosovo na 12 wa Bosnia, kila mmoja mara mbili, kuhusu matukio yaleyale. Hawa walikuwa wameshapewa ruhusa ya kukaa, hawakuwa na cha kupata kwa kudanganya. Hata hivyo maelezo yalibadilika baina ya mahojiano, na yaliyobadilika zaidi ni mambo ya pembeni. Waliokuwa na dalili nzito za kiwewe walitofautiana zaidi kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Mwanasheria wa mdogo wako huenda anaujua utafiti huo. Kama haujui, mtajie.

Kuhusu tarehe zenyewe, nikuulize wewe: ulivuka kuja Kigoma tarehe ngapi? Huenda unaijua kwa sababu iliandikwa kwenye karatasi ya ukimbizi na umeisoma mara mia. Isingeandikwa, ungeitafuta kwa njia nyingine: ilikuwa baada ya jaribio la mapinduzi, watu wamejazana Kagunga, kipindupindu kimeingia, wanahamishwa kwa meli ya Liemba. Ndivyo binadamu wote tunavyofanya. Tarehe hatuzihifadhi, tunazikokotoa kwa kutumia vigingi. Na mtu aliyekulia mji mdogo ana vigingi vingi kuliko mtu wa jiji, kwa sababu maisha ya mji mdogo yana mzunguko unaojulikana na kila mtu.

Tazama ulichoniandikia wewe mwenyewe bila kujua. Umesema alitoka tarawehe. Basi ni Ramadhani. Mwaka 2015 mwezi wa Ramadhani ulianza tarehe 18 Juni au siku iliyofuata, kutegemea mwandamo, na Idi ikawa katikati ya Julai. Mei imeshatoka. Umesema taa za wavuvi hazikuwepo ziwani kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa. Mtu wa London hataelewa, lakini wewe na mimi tunajua kwamba ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Mwezi mpevu wa Ramadhani ile ulikuwa tarehe 2 Julai. Kwa hiyo mtu ambaye ofisa anasema hajui tarehe, ameitaja tarehe kwa kukosea siku chache tu, ila ameitaja kwa lugha ya ziwa. Ilikuwa baada ya uchaguzi wa wabunge wa 29 Juni na kabla ya ule wa rais wa 21 Julai, kama unavyoukumbuka mwaka ule ulivyokuwa.

Lakini hesabu hii usimpe yeye. Mpe mwanasheria. Mwanasheria au mtaalamu atamhoji upya kwa maswali yaliyo wazi, “nieleze usiku ule ulivyokuwa,” bila kumtajia mbalamwezi wala Julai. Akilisema mwenyewe jambo lile la taa, ndipo litakuwa na uzito. Ukimwambia wewe, umelichoma.

Hapo kwenye mara mbili au mara tatu, pana mambo mawili. La kwanza ni la akili: matukio yanayofanana huyeyukiana. Mtu aliyekamatwa mara tatu, usiku, na watu wa aina moja, hubaki na picha moja ya “wanavyokuja,” na humwia vigumu kusema kipigo hiki kilikuwa cha mara ya ngapi. Hata wewe huwezi kutenganisha safari zako za sokoni za mwaka juzi. Ndiyo maana siku alizokaa ndani hazihesabiki: chumba kisicho na dirisha, chakula kisicho na saa, siku nne na siku sita ni kitu kimoja.

La pili ni la lugha, na hapa ndipo nina hamu ya kukaa kidogo, maana nimeona kesi zikiumia kwa mambo ambayo mtoto wa darasa la tatu wa kwetu angeyatatua.

Chukua hiyo saa mbili na saa nane. Nina shaka kubwa kwamba mdogo wako alisema saa nane za usiku mara zote mbili. Mkalimani wa kwanza alitafsiri neno, akasema nane, ofisa akaandika nane, na nane ya usiku kwa saa za Kizungu ndiyo saa mbili yetu. Mkalimani wa pili alitafsiri maana, akaongeza saa sita, ikawa mbili ya alfajiri. Aliyekusomea barua akazirudisha zote kwa Kiswahili, na wewe ukaona mdogo wako ana ndimi mbili. Mahojiano makuu ya hifadhi hurekodiwa sauti. Mwanasheria aombe kanda hiyo na amtafute mtu anayekijua Kiswahili asikilize neno lenyewe lililotoka mdomoni. Likiwa “saa nane,” mkanganyiko huo umekwisha.

Na kufungwa je? Kwetu “walinifunga” ni kufungwa kamba, na ni kufungwa gerezani. Kuna kukamatwa, kushikwa, kuwekwa ndani, kulala kasho, na kuna gereza la kweli la mlango wa chuma. Ukimwuliza mtu wa Rumonge “umefungwa mara ngapi?” huenda asihesabu zile siku alizowekwa kwenye nyumba ya watu, akahesabu tu alipofika polisi. Ndugu nao ni hivyohivyo. Wanne wa tumbo moja, saba ukiweka watoto wa baba mdogo mliokula nao sahani moja. Na Bururi na Rumonge zote ni sahihi: mji wenu ulikuwa ndani ya mkoa wa Bururi mpaka Machi 2015, mkoa wa Rumonge ulipoundwa. Tena kwa mgawanyo mpya wa mikoa mitano ulioanza kutumika 2025, mko Burunga. Mdogo wako alizaliwa mkoa mmoja, akakamatwa kwenye mwingine, na leo nyumba yenu iko kwenye wa tatu, bila nyumba kusogea hata hatua moja. Hili lina uthibitisho wa maandishi ya serikali. Kama una cheti chake cha kuzaliwa au kitambulisho cha zamani kilichoandikwa Bururi, piga picha pande zote mbili umpelekee mwanasheria wiki hii.

Kuna swali ambalo hukuliuliza lakini nalijibu. Alihojiwa kwa Kiswahili au kwa Kirundi? Kiswahili cha Rumonge si cha Mombasa, na mkalimani asiyejua neno kasho atabahatisha. Ana haki ya kuomba lugha anayojieleza vizuri zaidi, na kulalamika papo hapo wasipoelewana. Wengi wetu tunaona kumkosoa mkalimani ni utovu wa adabu. Mbele ya jaji adabu hiyo ni ghali.

Sasa la ukweli usiopendeza. Tofauti nyingine hazitokani na kiwewe wala mkalimani. Mara nyingi mtu aliyemsafirisha humwambia mteja wake aseme amepita njia fulani, afiche nchi fulani, aongeze kituo cha polisi ambacho hakukiona. Siwezi kujua kama mdogo wako yumo humo, na wewe huwezi kujua kwa simu. Umeuliza kama anakuficha kitu. Huenda. Wanaume wengi hawamwambii dada yao waliyofanyiwa mahabusu, hasa yakiwa ya aibu ya mwili, na ukimya ule unaouona ukitaja tarehe unaweza kuwa unalinda jambo hilo. Usimchimbe. Lakini kama kuna uongo wowote kwenye maelezo yake, hata mdogo wa njia aliyopita, amwambie mwanasheria mapema ausahihishe mwenyewe. Kosa alilolikiri jaji huweza kulipima. Likigunduliwa na upande wa serikali, huchafua hata yaliyo kweli. Na kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia 28 Juni 2022, sheria ya Uingereza imekaza kipimo: mwombaji anatakiwa aonyeshe kwamba hofu yake ina uwezekano mkubwa kuwapo kuliko kutokuwapo, kabla hata haijaangaliwa hatari ya kurudi. Nafasi ya kuchezea haipo.

Kwa hiyo yule bwana wa “ajifanye amerukwa na akili” mshukuru, mfungie mlango. Sisi tunaoandika ripoti tunapimwa kwa kugundua wanaotia chumvi, na anayeigiza kichaa huwa anaigiza kichaa cha kwenye maigizo. Tena ugonjwa wa akili peke yake haumfungulii mtu mlango pale. Kuna utaratibu wa kuwapima watu wazima walio hatarini wakiwa kizuizini, wenye ngazi tatu za ushahidi: neno lake mwenyewe ni ngazi ya kwanza, ushahidi wa mtaalamu ni ya pili, na ushahidi wa mtaalamu kwamba kuendelea kumzuia kutamdhuru ni ya tatu. Hata hapo wanaupima dhidi ya sababu zao za uhamiaji.

Anachohitaji ni kuonwa kweli. Umesema anasahau simu ya jana. Hiyo haikuwepo mwanzo, na kizuizi chenyewe kinatosha kuileta. Uingereza haijaweka ukomo wa jumla wa muda wa kumzuia mtu mzima kwa ajili ya uhamiaji. Mfungwa wa kawaida anajua siku ya kutoka, huyu hajui. Katika baadhi ya vituo vyumba hufungwa kwa funguo usiku, na kwa mtu aliyewahi kuchukuliwa usiku, mlio wa ufunguo ni usiku uleule umerudi. Asiyelala hawezi kuhifadhi ya jana. Ila pana jambo jingine lazima liangaliwe na daktari wa mwili: kama alipigwa kichwani akapoteza fahamu huko nyuma, huenda sehemu ya usahaulifu inatoka hapo. Amtajie daktari hilo bila kungoja kuulizwa.

Kanuni za vituo hivyo zinasema anayeingia aangaliwe na daktari ndani ya saa 24, na Kanuni ya 35 inamtaka daktari aandike ripoti pale anapokuwa na wasiwasi kwamba mtu aliteswa, au kizuizi kinamdhuru afya, au ana nia ya kujiua. Sikwambii mfumo huu unafanya kazi wenyewe. Uchunguzi wa hadhara kuhusu kituo cha Brook House, uliotoa ripoti Septemba 2023, ulikuta ulinzi huu ulikuwa haufanyi kazi ipasavyo, na ukapendekeza kizuizi kisizidi siku 28. Basi asingoje. Aende kwenye zahanati ya kituo aseme kwa maneno haya: niliteswa, naomba ripoti ya Kanuni ya 35. Aombe nakala. Mwanasheria aulize kama ilishaandikwa.

Zaidi ya hiyo kuna ripoti kamili ya kitaalamu, inayofuata mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Istanbul, wa 1999 uliohuishwa 2022. Makovu hupimwa kwa ngazi tano, kuanzia yasiyoendana kabisa na maelezo hadi yale ambayo hayawezi kuwa na chanzo kingine. Shirika la Medical Justice hupeleka madaktari ndani ya vituo, na Freedom from Torture huwahudumia walioteswa. Faida yake ni kumweleza jaji kwa nini kumbukumbu zimekaa vile. Hasara ni muda, maana huchukua wiki, pengine miezi, na mwanasheria anaweza kulazimika kuomba kesi isogezwe. Na ripoti iliyorudia tu hadithi ya mgonjwa bila kuipima haina uzito, majaji huiona mara moja. Ripoti haithibitishi kwamba alikamatwa Julai. Inasema tu kwamba mtu aliyekamatwa Julai angeweza kabisa kuongea hivi.

Dhamana ni njia nyingine, na mimi ningeisukuma sambamba. Baada ya siku nane tangu mtu aingie nchini anaweza kuiomba kwa jaji, na asipoomba, sheria inataka suala lake lipelekwe kwa jaji akishakaa miezi minne. Shirika la Bail for Immigration Detainees husaidia bure. Kinachokwamisha wengi ni anwani ya kukaa: mnaye ndugu au mtu wa msikitini kule awezaye kumpokea? Akinyimwa dhamana, hiyo si hukumu ya ombi la hifadhi, asikate tamaa. Akiipata, akalala usiku kumi na mlango usiofungwa kwa nje, utamsikia mwenyewe sauti imebadilika. Mwanasheria pia aombe atambuliwe kuwa shahidi aliye dhaifu. Majaji hao wana mwongozo wa 2010 unaowaelekeza wampe mapumziko, waulize maswali rahisi, na wazipime tofauti za maelezo wakijua hali yake.

Hapa sasa nisikilize kwa makini. Akianza kusema yeye ni mzigo, akikuaga kwa namna ya ajabu, akigawa vitu vyake, akiacha kula, au akisema anasikia walewale wa 2015 wakimwita ukumbini, usingoje simu ya kesho. Piga kituoni saa hiyohiyo uombe kuongea na wahudumu wa afya, useme wazi kwamba unahofia atajiua, kisha mpigie mwanasheria. Wana utaratibu wa kumweka mtu chini ya uangalizi. Yeye mwenyewe anaweza kupiga 116 123, ni bure, watu wa Samaritans humsikiliza mtu saa 24. Kumwuliza “unafikiria kujiua?” hakumpi wazo. Humpa nafasi ya kusema.

Na ukimpigia siku za kawaida, acha kumhoji. Simu aliyonayo mle ni kitochi kisicho na kamera, hawezi kuiona sura yako, ana sauti yako tu. Mwache akutembeze sokoni. Wewe unasikia anapoteza muda na vibanda vya ndagala, mimi nasikia mtu aliyeshika kitu kisichotikisika.

Turudi kwenye daftari. Liandike, lakini liwe lako. Andika ulichokiona kwa macho yako: alipofika kwako alikuwaje, ulimwogesha majeraha gani, alilala vipi, alikwambia nini siku ile na kwa maneno gani. Usipojua tarehe, andika hujui, kisha weka kigingi chako: ilikuwa wiki ya Idi, mvua ilikuwa imekatika, mtoto wangu alikuwa ameanza shule. Ulichoambiwa na mtu, sema uliambiwa na nani. Tofauti ndogo kati yako na yeye zisikutishe; maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno ndiyo yanayotia shaka. Weka sahihi na tarehe ya leo, mtumie mwanasheria moja kwa moja, na mdogo wako usimsomee hata mstari mmoja.